Jana Ulienda Wapi?

Kiti kilifika juu ya pikipiki, kimefungwa kwa mipira, miguu yake minne ikitazama juu kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kilikuwa fotei ya kweli, sponji nene na kitambaa chekundu, na dereva aliapa kwamba mlima wa mwisho alipanda akisukuma. Wenzangu wa kituo cha afya hapa Nyabiondo ndio walioninunulia, zawadi ya kustaafu. Titilere wetu, mkuu wa kituo, akasimama mbele ya watu akasema, "Papa Kine, umetumika sana. Tangu leo ikala, upumuzike, batoto bakuletee chai." Makofi yakapigwa. Nikakaa. Sponji ikanimeza mpaka magoti yakawa juu kuliko tumbo.

Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilisema: yoo, hawa watoto wamenipata. Kwa maana kazi yangu yote, tangu siku nilipokuwa bado na nywele, ilikuwa kuwatoa wazee vitini.

Esther, kine kijana aliyechukua nafasi yangu, njo aliyenisukuma kuandika. "Papa, andika tu," aliniambia. "Siku utasahau, sisi tutauliza nani?" Mtoto huyu hana adabu, lakini ana haki. Basi naandika, kwa ajili yake na wale watakaokuja nyuma yake. Vyeo sitavieleza, vilikuwa vichache na havikumwinua mgonjwa hata mmoja. Mshahara nao umelala, tusiuamshe.

Kwa asiyejua, kine ni mtu wa kurudisha mwendo. Mkono uliovunjika ukapona umekakamaa, goti lililokataa kukunjika, bibi aliyeanguka mara moja na kuogopa kusimama tena, hao wote walikuwa wangu. Dawa yangu haikai katika chupa, na kwa sababu hiyo wengi waliniona mdanganyifu mpaka siku walipojikuta wanatembea.

Nilianzia Walikale, ndani ya pori, nikiwa na cheti kipya, koti jeupe na viatu vya mjini. Viatu viliisha wiki ile ile. Aliyenipokea alikuwa Papa Mateso, muuguzi mzee, mwembamba, mwenye kikohozi ambacho hakukitibu kamwe. Nikamuuliza chumba cha kine kiko wapi. Akanipeleka nyuma ya jengo, chini ya ukingo wa mabati, ambako palikuwa na kuku aliyeatamia mayai.

"Chumba yako njo hii," akasema. "Na uyu iko mugonjwa wako wa kwanza. Siku mingi anaikala tu."

Sikucheka siku ile. Leo nacheka.

Tulikata mianzi miwili mirefu, tukaifunga kwenye nguzo kwa usawa wa kiuno, ikawa njia ya kushikilia kwa anayejifunza upya kutembea. Mifuko midogo ya mchanga ilikuwa uzito wa miguu. Kamba iliyopita juu ya boriti ilikuwa ya mabega: unavuta upande huu, mkono mgonjwa unapanda upande ule. Na kigoda. Esther, usidharau kigoda. Vyombo vilivyokuja baadaye kutoka Goma ndani ya makatoni vilikuwa vizuri mno, ila vilitaka umeme, na umeme hawakuutia katika katoni.

Mgonjwa wangu wa kwanza mwenye miguu miwili isiyo ya kuku alikuwa Papa Zacharie, mwindaji, mkubwa kwa umri kuliko Papa Mateso mwenyewe. Goti lake lilikuwa limevimba. Nikamwambia kwa sauti ya cheti changu apumzike mwezi mzima. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mitego iko inanigoja. Nyama ikiozea mule, njo wewe utaikula?"

Nikamgeukia Papa Mateso anisaidie. Yeye akamuuliza mzee, "Jana ulienda wapi?"

"Nilivuka muto, nikafika ku mitego ya mwisho, nikarudi."

"Na juzi?"

"Njia ile ile. Lakini polepole."

Papa Mateso akakohoa, akaniambia, "Basi hii goti haiko ya kulaza. Mufunge kitambaa, umukatie fimbo, na kesho uende naye."

Nikaenda naye. Kwenye njia panda alichuma jani, akaliweka juu ya jiwe, akawaambia wazee wake waliokufa kwamba anapita. Jumapili huyo huyo alikuwa wa kwanza kuimba kanisani. Sikumuuliza inakuwaje, sikuwa na pumzi ya kuuliza. Tulipofika mtego wa tatu, yeye ndiye aliyenikatia mimi fimbo.

Jioni Papa Mateso alinikuta nimeloweka miguu katika beseni. Alisema maneno ambayo ningetaka yaandikwe juu ya mlango wa kila kituo cha afya. "Uyu muzee ungemulaza mwezi moya, angeamuka? Muzee akiikala sana, kusimama inakuwa safari. Usimuulize kwanza anaumwa wapi. Umuulize jana alienda wapi. Akikuambia njia, umufuate ku njia. Akikuambia kiti, anza na kiti."

Nililiandika ulizo hilo kwenye jalada la daftari langu. Halafu, kama kijana yeyote aliyeambiwa jambo la maana, nikalisahau.

Baada ya miaka nikaletwa hapa Nyabiondo, milimani. Baridi ya hapa nayo ilinipiga, lakini watu walinifurahisha. Watu wa maharagi na mihogo, wanaopanda kilima na mzigo kabla ya chai na kushuka wakisimulia. Siku moja ya mvua akaja Mama Venantie na mtoto wake Bauma, mwanamume mwenye mke. Mama Venantie alikuwa mfupi, mgumu, mwenye mdomo, mvi zikichungulia kwenye kitambaa. Alikuja kwa miguu na jembe mkononi, maana alitaka kupitia shambani wakati wa kurudi. Kiuno kilikuwa kimemshika akipalilia.

"Nipe ya kupaka, niende," akasema. "Majani haigojake mutu."

Nilimbonyeza mgongo. Hapakuwa na kitu kilichovunjika. Siku tatu za kwenda polepole zingetosha. Lakini foleni ilikuwa ndefu, mvua ilipiga mabati tusisikilizane, na kalamu ilikuwa inakauka. Sikumuuliza alienda wapi jana. Nilichukua fishi, karatasi ya mgonjwa, nikaandika neno moja la Kifaransa, "Repos", nikapiga muhuri, nikampa Bauma. "Mama apumzike," nikamwambia. Siku ngapi, sikuandika.

Hapo njo kosa langu, na naomba mlisome mara mbili. Kwetu mtoto mwema anajulikana kwa jembe la mama yake. Likionekana shambani wakati mama ana mvi, majirani wanaulizana kama huyu mama hakuzaa. Bauma alikuwa mwema kupita kiasi, na karatasi yangu ilimpa nguvu ya serikali. Siku ile ile alitoa mpini katika jembe la mama yake akauchoma jikoni.

Mimi nikapelekwa Kirolirwe, kwenye nchi ya ng'ombe, nikakaa huko miaka minne. Sina mengi ya kusema juu ya Kirolirwe, isipokuwa kwamba wachungaji wazee wa kule walinicheka kila nilipotamka neno mazoezi, wakanielekeza kwa ng'ombe wao. Niliwafuata siku moja. Sikurudia.

Niliporudi Nyabiondo, mwezi haujaisha, kikafika kipoyi. Kwa mgeni, kipoyi ni kitanda cha miti na kamba kinachobebwa mabegani na wanaume wanne. Ni ambulansi ya milima yetu. Ndani yake alilala bibi aliyefunikwa blanketi. Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo.

"Papa Kine," akasema, "umenona."

Alikuwa Mama Venantie. Nilifunua blanketi nikaona miguu. Ilikuwa myembamba kama miti tunayopandishia maharagi. Hapo, kwa aibu ya miaka yote ile, ulizo la Papa Mateso likanirudia.

"Mama, jana ulienda wapi?"

Wabebaji wakatazama chini.

"Ku mulango," akajibu.

"Na juzi?"

"Juzi kulikuwa mvua. Hata ku mulango sikufika."

Nikawaka. Nilimgeukia Bauma nikamuuliza ni mtoto gani anayemkausha mama yake kama samaki. Bauma alitoa Biblia ndani ya koti, imefungwa kwa plastiki, akaifungua taratibu, akanipa karatasi.

"Ni wewe uliandika, Papa Kine. Tulipokimbia vita tuliacha mbuzi, tukaacha sufuria. Iyi karatasi sikuiacha."

Mwandiko wangu. Muhuri wangu. Repos. Miaka minne yule mtoto alikuwa anatii neno moja nililoliandika kwa haraka, na kila jioni alidhani anampa mama yake dawa. Hakumruhusu kuchota maji, kuwasha moto, wala hata kuchagua maharagi. Nilitafuta mahali pa kuficha uso, lakini kituo chetu ni kidogo.

Bauma alipotoka kunywa maji, Mama Venantie alinivuta mkono. Mdomo wake wa mzaha ulikuwa umekwenda.

"Nikuambie kitu, yeye asisikie. Tulipokimbia mara ya mwisho, alinibeba ku mugongo. Batoto bake bako mbele banalia, yeye ananibeba. Nilisikia moyo yake inapiga ndani ya mugongo. Nikamuambia aniweke chini ya muti, aende na batoto. Akakataa. Mara ingine, Papa Kine, nitajiachilia mwenyewe nianguke, ili aende. Sitaki mutoto yangu akufe juu ya miguu yangu." Akakaza mkono wangu. "Ao unifundishe kutembea."

Mnaonijua mnasema mimi ni mkali. Siku ile nililia mbele ya mgonjwa, na sioni haya kuliandika.

Nilitaka kuichana ile karatasi. Bauma alikataa katakata, kwa sababu iko na muhuri. Basi nikachukua nyingine, nikaandika kwa herufi kubwa: Mama Venantie atembee kila siku. Dawa hii haina mwisho. Nikapiga muhuri mara mbili, ili ishinde ile ya kwanza. Bauma aliisoma polepole akaiweka katika Biblia.

"Na majirani?" akauliza.

"Majirani uwalete kwangu."

Nilifuatana nao mpaka kwao. Tulipobakisha hatua kumi kufika uwanja wao, nikasimamisha kipoyi. Hiyo ikawa kanuni yangu tangu siku ile, na naomba Esther aishike: anayekuja kwa kipoyi, kipoyi chake kiingie nyumbani kitupu. Hata zikiwa hatua kumi tu. Tulimsimamisha, Bauma upande huu, mimi upande ule. Zile hatua kumi zilichukua muda wa kusali Baba Yetu mara tatu, na nadhani yeye alikuwa akisali kweli. Alipofika mlangoni, miguu inatetemeka, alisema, "Ile kitanda yenu muirudishe," nao wakairudisha.

Kazi ilianza na kigoda. Kusimama na kukaa, mara tano asubuhi, mara tano jioni, mikono ikiwa kifuani. Mwanzo hakuweza hata mara moja bila kushika kitu. Tukaweka vitabu vya nyimbo juu ya kigoda ili kiwe kirefu, na kila alipopata nguvu tukatoa kimoja. Kisha visigino, ashike mwimo wa mlango, anyanyuke kwa vidole kama anayechungulia kwa jirani, jambo ambalo alilijua vizuri. Mifuko yangu ya mchanga aliikataa. "Muchanga hauliwake," akasema, basi tukamfungia mifuko ya maharagi. Lakini mbinu yangu kubwa ilikuwa kuweka vitu mbali. Maji kona hii, kikombe kona ile. Ungo huku, maharagi kule. Mke wa Bauma alishika kiuno akacheka.

"Papa Kine, nyumba imekuwa soko! Kutafuta chumvi mutu anazunguka!"

Msidhani ilikuwa vicheko tu. Kulikuwa na asubuhi alizolia kwa maumivu, na asubuhi alizonikasirikia mimi. Siku moja alinirushia fimbo. "Ulinilaza na kalamu," akafoka, "leo unaniamusha na fimbo!" Alisema kweli. Niliokota fimbo nikamrudishia, akatembea mpaka kwenye mti wa parachichi na kurudi, akinitukana njia nzima. Yalikuwa matukano yenye pumzi ndefu, nikafurahi.

Kilichokaribia kutuangusha hakikuwa mguu. Bauma alinijia siku moja baada ya kazi, akakaa, akazungusha kofia mikononi.

"Bantu banasema namutumikisha mama. Banasema nilichoka kumulisha. Papa Kine, naomba tuache kidogo."

Nilimwambia mambo ya misuli na mifupa. Aliitikia kwa heshima, bila kusikia hata neno moja. Kwa mtu wa hapa, kusemwa kwamba unamtesa mama yako ni mzigo kuliko kipoyi. Alikwenda nyumbani, na sijui alimwambia nini mama yake, lakini Jumapili iliyofuata Mama Venantie alikuja misani kwa miguu. Wakati wa matangazo, katekista alipouliza kama kuna mwenye neno, akasimama.

"Munaniona? Niko nimesimama ao hapana?"

Watu wakasema amesimama.

"Munasema Bauma ananitumikisha. Basi mimi nauliza. Bamama benu beko wapi leo? Beko ku kiti! Mumebaikalisha sawa mizigo. Siku ya kukimbia, nani atababeba? Mwende mubaamushe!"

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Katekista akatafuta haraka tangazo jingine. Wiki ile ile mabibi watatu waliletwa kituoni na watoto wao, wa mwisho akija anagomba kwamba hakuna aliyemuuliza kama anataka. Na Bauma akachonga mpini mpya, wa mti mwepesi, akaulainisha kwa kipande cha chupa ili usimchubue mama yake. Alipompa lile jembe, mama yake aliushika mpini kwa mikono yote miwili. Mimi nikajifanya naangalia mihogo.

Kisha kukawa ile asubuhi. Milio ya bunduki ilianza upande wa juu na watu wakajaa njiani. Mnajua inavyokuwa, sitaieleza. Wazo langu la kwanza lilikuwa Mama Venantie. Nilichukua kipoyi cha kituo, nikakutana na Bauma na wanaume wawili, tukakimbia kwao. Tulimkuta amesimama uwanjani, amejifunga kitambaa, fimbo mkononi, na kichwani mfuko wa mbegu zake za maharagi.

"Ile ya nani?" akauliza, akionyesha kipoyi.

"Ya wewe, Mama," Bauma akasema.

"Hapana. Kwa jirani kuko mama alizaa jana. Mubebe ule." Akashika njia.

Tulimweka yule mzazi na kichanga chake ndani ya kipoyi, tukapanda. Mimi nilibeba kona ya nyuma, na kila tulipofika kwenye kona ya njia nilitafuta kando, chini ya miti, nikiogopa kumwona ameketi. Sikumwona. Bauma naye alikuwa anatafuta. Nilijua kwa jinsi shingo yake ilivyogeuka. Jua lilikuwa limepanda sana tulipofika juu ya kilima cha ng'ambo, mahali watu walipokuwa wanapumzika, na yeye alikuwa pale, wima, ameegemea fimbo. Watu wote wameketi, yeye peke yake amesimama.

"Nikiikala sitasimama tena," akatuambia. "Munakawia, mwende."

Bauma alishusha kipoyi polepole, akamwendea, akamshika mabega.

"Mama, umetembea."

"Kwani uliona nani ananibeba?"

Akalia yule mwanamume mzima, kichwa kwenye bega la mama yake, nami nikajua kwamba miaka yangu yote ya kazi ingetosha hata kama ingekuwa na asubuhi hiyo moja tu. Zile mbegu tulizipanda tuliporudi. Zilipozaa, nilipewa bakuli.

Sasa turudi kwenye fotei, maana mnasubiri mjue kilichotokea.

Nilikaa. Nilisema nitapumzika wiki moja, na wiki moja ni haki ya mtu. Binti yangu Riziki, ninayeishi naye, ni mtoto mwema kama Bauma. Nikinyanyua ndoo anaipokea. Nikitafuta jembe, silioni. "Papa, ikala," ananiambia, na chai inafika, na redio iko karibu. Wapenzi, siwafichi, nilipenda. Sponji ile ina ujuzi wa kukujua. Wiki ikawa mwezi, msimu wa kupanda ukapita ninausikia kwenye majembe ya wengine. Goti la kushoto likaanza kulia nikisimama, basi nikapunguza kusimama. Mimi, Papa Kine! Nilijiandikia mwenyewe ile karatasi, na kwa mara ya pili sikuandika siku ngapi.

Asubuhi moja nikasikia fimbo kwenye mawe. Mama Venantie aliingia uwanjani peke yake, kutoka ng'ambo ya kijito, na maharagi mabichi katika kitambaa. Sasa amezeeka kweli, mgongo umeinama, lakini mwendo ni ule ule. Riziki akakimbia kumletea kigoda. Yeye hakukaa. Alisimama mbele yangu, akanitazama, akatazama fotei. Ilinichukua muda kukumbuka adabu, kwamba kwetu mkubwa haachwi kwenye kigoda wakati mdogo amekalia kiti kizuri.

Nikajaribu kusimama. Sponji ikanirudisha.

"Moya," akasema Mama Venantie.

Nikajaribu tena, kwa mikono yote miwili.

"Mbili."

Ya tatu nikafika juu, nahema. Naye akakaa mahali pangu, akajaribu sponji kwa viganja, akatikisa kichwa.

"Eeh, muzuri sana. Umepata kaburi ya sponji." Kisha akainua macho, na sauti yake ikawa ya upole, upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Papa Kine. Jana ulienda wapi?"

Riziki alikuwa mlangoni, anasikiliza. Nilifungua kinywa.

"Jana kulikuwa mvua," nikasema.

Alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka, halafu kicheko changu kikageuka kikawa kitu kingine, akakiona, akaacha kucheka. "Mimi nilienda ku mulango," akasema. "Wewe hata mulango." Akasimama, mikono kifuani, mara moja, kama alivyofanya kwenye kigoda. "Nisindikize."

Mgeni akisema umsindikize, na tena ni mkubwa wako, utakataa vipi? Nikachukua fimbo. Nilikusudia kuishia kwenye kijito. Kwenye kijito alisema mawe yanateleza, nimvushe. Baada ya kuvuka alianza habari ndefu ya mjukuu wake na mchumba, na habari ya namna hiyo haikatwi katikati. Kwenye mlima nilibaki nyuma. Alisimama akanigoja, na hiyo ilinichoma kuliko matukano. Tulifika kwao nimelowa jasho. Bauma alikuwa uwanjani anachonga mpini.

"Umupe Papa Kine," mama yake akamwambia.

"Mama, uyu si muzee sasa? Bantu batasema..."

"Mupe!"

Nilirudi nyumbani na mpini begani. Goti lilikuwa linaniuma, maumivu mazuri, yale niliyokuwa nawaambia wagonjwa wasiyaogope. Riziki alinipokea njiani akanyoosha mikono aubebe. Nikamkatalia. Nikamwambia alete jembe alikolificha, na karatasi, na kalamu. Niliandika, nikapiga saini, sina muhuri tena: Papa Kine atembee kila siku. Dawa hii haina mwisho. Aliisoma, machozi yakamlenga, akaenda kuleta jembe.

Fotei ipo, karibuni mkae. Esther, ukija usiulize ninaumwa wapi, maana orodha ni ndefu. Jana nilienda shambani. Juzi pia, na kulikuwa mvua.